Mnyama Si Nyota: Usomaji wa Ishara katika Kazi za Jak Katarikawe na Kivuthi Mbuno

Katika uhakiki wetu wa fasihi, istilahi ya ishara imezoea kutumiwa kama ufunguo. Mwanafunzi akimkuta simba katika hadithi huandika kwamba simba ni nguvu. Akimkuta fisi, fisi ni ulafi. Akimkuta sungura, sungura ni werevu. Mlango umefunguka, na kazi ya uhakiki imehesabiwa kuwa imekwisha. Makala haya yanauliza iwapo ufunguo huo unatosha, kwa kuwatazama wachoraji wawili ambao majina yao yamefungamana na Nairobi: Jak Katarikawe na Kivuthi Mbuno. Kazi za wote wawili zilitundikwa katika Gallery Watatu, mtaa wa Standard, katikati ya jiji, na wote wawili walizijaza wanyama. Hoja yetu ni kwamba mnyama wao haingii katika picha akiwa na maana kamili. Maana yake huikamilisha kutokana na wale anaokaa nao humo.

Ili hoja hii ieleweke, inafaa kwanza tumtazame mnyama ambaye maana yake hutangulia kila kitu: mnyama wa nyota. Elimu ya falaki iliyokita mizizi katika pwani yetu inatambua buruji kumi na mbili, na saba kati ya hizo ni viumbe: Hamali ni kondoo, Thauri ng'ombe, Saratani kaa, Asadi simba, Akrabu nge, Jadi mbuzi na Huti samaki. Wachina nao wana duru ya miaka kumi na miwili, na kila mwaka una mnyama wake. Ng'ombe yumo katika mifumo yote miwili. Mantiki ya mifumo hiyo ni moja: tabia imekwisha andikwa, na mtu anapozaliwa huikuta ikimngoja. Mnyama hapa hatendi jambo lolote. Yeye ni jina la fungu.

Hata hivyo, hata mnyama wa nyota hatulii kama tunavyodhani. Katika safu za utabiri za magazeti ya Kiswahili, aina ya maandishi ambayo Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, aliyefariki 2011, aliifanya ifahamike sana, buruji ya kwanza huitwa Nyota ya Punda. Kondoo wa Waarabu amekuwaje punda? Yamkini jibu limo katika lugha yenyewe. Katika Kiswahili hamali ni mchukuzi wa mizigo, na katika miji ya pwani mchukuzi mashuhuri kuliko wote ni punda. Ikiwa ndivyo, basi maisha ya watu yameingia angani yakambadilisha mnyama. Kama ishara iliyofungwa kwa hesabu za falaki yaweza kuhama kwa sababu ya kazi ya bandarini, ishara iliyo katika mchoro itahama mara ngapi?

Mtazamaji wa Nairobi ana sababu nyingine ya kumsoma mnyama kwa ufunguo. Nembo ya taifa inashikiliwa na simba wawili, na ndani ya ngao yumo jogoo mwenye shoka. Katika uchaguzi wa 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi ya chama kimoja, jogoo alikuwa KANU na simba alikuwa FORD-Kenya. Hapakuwa na nafasi ya kuuliza jogoo yule anamtazama nani. Mtu aliyetoka barabarani kati ya mabango hayo na kuingia katika ukumbi wa mtaa wa Standard alikuwa amekwisha fundishwa kwamba mnyama ni alama ya kutiwa tiki.

Ndani ya ukumbi mambo yalikuwa mengine. Katarikawe alizaliwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Hakupitia chuo cha sanaa. Alikuwa dereva, akatiwa moyo na watu wa Makerere, wakiwamo Profesa David Cook na mchoraji wa Tanzania Sam Ntiro, kisha akahamia Nairobi, alikoishi hadi kufa kwake 2018. Ng'ombe wake ni wa buluu, wa zambarau na wa waridi. Kingo za miili yao huyeyukiana, hata mara nyingine ni vigumu kusema shingo ya huyu inaishia wapi na mgongo wa yule unaanzia wapi. Msomaji mwenye ufunguo atasema mara moja: ng'ombe ni mali, ng'ombe ni mahari. Hilo ni kweli katika nchi alikotoka mchoraji, na hatuna sababu ya kulikana. Lakini mali huhesabiwa, na ng'ombe hawa hawahesabiki kwa sababu hawaachani. Mchoraji ameichukua maana inayojulikana na kila mfugaji, akaitia katika uhusiano wa mapenzi na wa ndoto, mpaka swali la bei likakosa pa kushika. Si ajabu kwamba maonyesho yake ya Frankfurt ya mwaka 2001 yalipewa jina lenye maana ya kuota kwa picha.

Mbuno, aliyezaliwa 1947 huko Mwingi, Ukambani, alifanya kazi ya upishi katika misafara ya safari kabla ya kujulikana kwa michoro yake. Yeye hutumia wino, penseli za rangi na krayoni juu ya karatasi. Mstari wake ni mkavu na ulionyooshwa: watu wana miguu mirefu myembamba, na wanyama nao wamevutwa vivyo hivyo. Hapa hakuna kuyeyukiana. Kila kiumbe kina mpaka wake, na kati ya mtu na mnyama pana nafasi ya ardhi tupu. Nafasi hiyo ndiyo yenye kusema. Mnyama wa porini katika michoro hii huonekana kama jirani ambaye naye ana shughuli zake. Ni tofauti kabisa na yule wa mabango ya utalii, anayengoja kupigwa picha.

Tukiwaweka wawili hawa ukuta mmoja, tofauti yao inakuwa hoja. Katarikawe huondoa umbali, Mbuno huupima. Ng'ombe wa kwanza na mnyama wa pori wa pili hawawezi kuingizwa katika kamusi moja ya ishara, kwa kuwa maana zao zimejengwa kwa njia zinazopingana. Kwa hiyo swali la mhakiki lisiwe "mnyama huyu anawakilisha nini?" bali "yuko karibu na nani, na nani anamwona?"

Suala hili si la wataalamu wa rangi peke yao. Ruth Schaffner, aliyeiongoza Gallery Watatu kuanzia 1985 hadi alipofariki 1996, aliwapa nafasi kubwa wasanii wasiosoma vyuoni, na baadhi ya wasomi wa sanaa walilalamika kwamba wageni wananunua ushamba wetu. Waliowasifu na waliowabeza walikutana katika jambo moja: wote waliamini kwamba wachoraji hawa hueleza bila kufikiri, kana kwamba wanyama wao walitoka moja kwa moja katika ngano za bibi. Usomaji wa ufunguo uliwasaidia wote wawili, kwani ukisema ng'ombe ni mali huhitaji kuuliza mchoraji amefikiri nini juu ya mali. Tangu 2013 kazi za Katarikawe zimepita katika minada ya Circle Art, iliyofungua ukumbi wake Lavington, magharibi mwa jiji. Bei imepewa nafasi yake. Uhakiki kwa Kiswahili bado unadaiwa.

Hatusemi kwamba ufunguo hauna kazi kamwe. Katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, nguruwe wametungwa makusudi ili watambulikane, na msomaji asiyewatambua amekosa sehemu ya kitabu. Hata hivyo, hata pale kinachotisha ni nguruwe wanapobadilika mbele ya wenzao, yaani uhusiano unapogeuka. Mwalimu anayefundisha ishara darasani angefanya vyema kuanzia hapo: ampe mwanafunzi mchoro mmoja wa Mbuno, amkataze kwa saa nzima kutumia neno "huwakilisha", amtake aeleze tu nani amesimama wapi na ametengwa na nani. Baada ya hapo ndipo wafungue riwaya.