Mashine ya Boti: Kipimo Huanzia Chini

Mitumbwi ya Sese ya Ziwa Victoria, iliyopewa jina la visiwa vya Ssese nchini Uganda, ina sura mbili. Mmoja una ncha pande zote mbili. Huenda kwa kafi au tanga. Mwingine umekatwa bapa tezini ili upatikane ubao wa kubebea mashine. Urefu wa ubao huo usipolingana na mguu wa mashine, hata nguvu-farasi 40 huishia kurusha maji.

Miguu ya mashine huja kwa vipimo vitatu vya kawaida: inchi 15, 20 na 25. Kwa Yamaha, herufi ya mwisho ya modeli ndiyo hutaja kipimo: S ni mfupi, L mrefu, X mrefu zaidi. Aliyenunua E40XMHL ana mguu wa inchi 20, hivyo ubao wake unatakiwa uwe na inchi kama hizo, kutoka ukingo mashine inapokalia hadi chini ya boti.

Alama ya kupimia si pangaboi, bali lile bati bapa lililo juu yake, linalozuia hewa isivutwe kutoka usoni mwa maji. Mashine ikiwa wima, fundi hushikiza rula ndefu kwenye tumbo la boti na kuipitisha hadi nyuma. Bati likiwa sawa na rula, au limeshuka kwa inchi moja, pa kuanzia pamepatikana.

Kushusha zaidi hakuongezi nguvu. Mguu uliozama mno huburuta maji, usukani huwa mzito, mafuta huliwa, na kwenye mwambao wa matumbawe pangaboi hugonga mwamba mapema maji yanapokupwa.

Kupandisha kupita kiasi kuna hatari kubwa zaidi. Kwenye kona au wimbi pangaboi huvuta hewa: mashine inalia kwa kasi, boti haiendi. Matundu ya maji ya kupozea nayo yamo mguuni. Yakinyonya hewa, mpira wa pampu huungua na mashine huchemka.

Ubao wa inchi 23 kwa mguu wa inchi 20 huliacha bati inchi tatu juu ya tumbo la boti. Njia rahisi ni kuukata ubao, lakini ukingo ulioshushwa hukaribisha wimbi la nyuma ndani ya boti. Kwa anayevua nje ya mwamba, mguu wa inchi 25 ni salama zaidi; inchi mbili zinazozidi hurekebishwa kwa kipande cha mbao kinachowekwa chini ya vishikizo vya mashine ubaoni.

Boti yenye mkuku mnene ina shida yake: maji hufika kwenye pangaboi yakiwa yamevurugika, kwa hiyo mashine hushushwa zaidi kidogo kuliko kwenye boti ya faiba yenye tumbo laini.

Jibu la mwisho hutoka majini. Boti hupakiwa mzigo wake wa kawaida, kisha mafuta hufunguliwa yote. Mizunguko iwe ndani ya kiwango cha kitabu cha mashine, kijito cha maji ya kupozea kisikatike, na kona kali isiipandishe sauti ghafla. Ikipanda, mashine hushushwa nusu inchi na jaribio hurudiwa. Baada ya hapo ndipo ubao hutobolewa kwa boliti na matundu kuzibwa kwa gundi ya baharini, maana vishikizo peke yake hulegea kwa mtikisiko.