Kazi ya Kuhesabu Mabua

Msafiri anayetoka Masinya kwenda Busitema anawajua nyani wa msitu wa West Bugwe, mashariki mwa Uganda, wanaoketi kando ya barabara kuu wakingoja kutupiwa chochote. Abiria huwacheka. Mwenye shamba la mahindi ukingoni mwa msitu hacheki, maana watoto wake hukosa shule ili waamie mazao.

Mtu ninayemsifu ni yule mtafiti wa wanyama anayekwenda kwa huyo mwenye shamba. Kazi yake haina fahari. Asubuhi anapita mstari kwa mstari akihesabu mabua yaliyovunjwa, akichunguza nyayo, kinyesi na alama za meno. Udongo uliofukuliwa kwa pua usiku ni wa nguruwe mwitu. Nyani huja mchana. Kisha anaketi na wenyeji, anasikiliza. Wiki ijayo anarudi, na mwaka ujao pia. Asiporudi, alichokusanya ni uvumi tu.

Mtafiti Lisa Naughton-Treves alifanya hivyo kando ya msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, miaka ya 1990. Kwa miaka 2 alifuatilia mashamba 93 katika vijiji 6. Ndani ya mita 500 kutoka msituni, hasara ya wastani ilikuwa asilimia 4 hadi 7 ya mazao kwa msimu. Mtu wa ofisini angesoma hapo akasema wakulima wanalalamika bure. Yeye hakuishia hapo: alionyesha kwamba hasara haikugawanyika sawa, kwamba kuna mashamba ya mahindi na mihogo yaliyomalizwa kabisa. Hakuna familia inayokula wastani! Mifugo nayo iliharibu mazao, lakini mbuzi ana mwenyewe wa kudaiwa. Nyani hana.

Subira ya aina hiyo ndiyo iliyozaa uzio wa mizinga ya nyuki wa mtafiti Lucy King, unaotumika Sagalla karibu na Tsavo, nchini Kenya: ndovu anaogopa nyuki, mkulima anarina asali. Ila dawa ya ndovu si dawa ya nyani, mwenye vidole na kumbukumbu. Kila mnyama anataka mtu wa kumsoma pale anapoishi.

Chuo Kikuu cha Busitema kiko jirani na msitu wa West Bugwe. Kijana wa Masinya au Tororo anayesoma hapo ana jambo ambalo mgeni hulitafuta kwa miaka: anamsikiliza mwenye shamba bila mkalimani. Wazee wake wasimwambie kwamba kuhesabu mabua si kazi ya msomi. Wamwache ahesabu.