Sauti Mbili za Linda: Juu ya Ridhaa katika Kitabu cha Ordeal

Kitabu kiitwacho Ordeal, kilichotolewa Marekani mwaka 1980, hakifai kusomwa peke yake. Yapasa kisomwe pamoja na Inside Linda Lovelace cha mwaka 1974, kitabu ambacho mwandishi wake angependa tukisahau. Vyote viwili vyachukua jina la mwanamke mmoja, Linda Boreman, aliyejulikana kwa filamu ya ngono Deep Throat ya mwaka 1972, na vyote vyasema kwa nafsi ya kwanza. Lakini "mimi" wa kitabu cha kwanza asema yote aliyatenda kwa hiari na kwa furaha. "Mimi" wa Ordeal asema aliyatenda kwa kupigwa na kutishwa bunduki na mumewe, Chuck Traynor.

Wako wasemao kwamba aliyejipinga mwenyewe hasadikiki tena. Jibu hili ni jepesi mno. Ikiwa habari za mwaka 1980 ni kweli, basi kitabu cha kwanza ndicho hasa ambacho tungalikitazamia, kwa sababu aliyetiishwa hatakiwi kutenda tu. Hutakiwa pia aseme kuwa apenda kutenda. Basi furaha ya kitabu kile haiwezi kuwa ushahidi dhidi ya hiki. Wala, kwa haki, si ushahidi wa hiki.

Hapa lugha yetu yatufaa. Twasema "alikubali", "alikubalishwa", na "aliridhia". Kukubali kwaweza kuwa tendo la ulimi tu. Kuridhia kuna moyo ndani yake. Na katika "alikubalishwa" kiishio chafichua mtu wa pili aliyesimama nyuma ya kitenzi. Mkataba huandika lile la kwanza, na mambo mengine hauyajui. Linda, kwa maelezo yake, alilipwa dola 1,250 kwa filamu hiyo, na fedha zikachukuliwa na Traynor. Atakayeonyeshwa hati na malipo atasema alikubali, naye hatakuwa amesema uongo.

Jambo hili Catharine MacKinnon na Andrea Dworkin walilitambua vizuri. Katika sheria waliyoitunga kwa ajili ya mji wa Minneapolis mwaka 1983, ambako Linda mwenyewe alitoa ushahidi, waliweka kwamba kutia sahihi mkataba, kulipwa, au kutoonyesha ukaidi, hakutoshi kukanusha kuwa mtu alilazimishwa. Meya aliikataa sheria hiyo. Ilipopitishwa Indianapolis mwaka 1984, mahakama ya rufani iliibatilisha mwaka 1985 kwa kuwa yapinga uhuru wa kusema. Naona kifungu kile kilistahili kuliko sheria yenyewe, ambayo ilitaka kuzuia mengi mno.

Ama kwa upande wa uandishi, Ordeal kina dosari. Kiliandikwa pamoja na Mike McGrady, mwandishi wa magazeti ambaye aliwaongoza wenzake kutunga riwaya ya ashiki ya kudhihaki, Naked Came the Stranger, iliyotolewa mwaka 1969 chini ya jina la uongo. (Sidhani mchapishaji angeweza kuchagua mshuhuda mwenye historia ya ajabu zaidi.) Mkono wake waonekana: kila sura yakatwa penye hofu, kama hadithi za magazeti, na mateso yasimuliwa kwa urefu ule ule uliowapendeza wanunuzi wa kitabu cha kwanza. Hata jina la jaladani ni Lovelace, alilopewa kwa ajili ya filamu. Mwanamke adai nafsi yake kwa jina la biashara ile ile.

Baadhi ya waliokuwapo wakati wa kupiga picha walipinga habari zake, wala Traynor hakushtakiwa kamwe. Naye Linda, kabla ya kufa mwaka 2002, alilalamika kwamba hata wapinzani wa filamu za ngono walimtumia kwa faida yao. Walakini lilibaki shahidi moja. Linda alisema mara nyingi kuwa michubuko ya kupigwa yaonekana mwilini mwake katika filamu yenyewe. Na mwaka 1986 aliiambia tume ya serikali ya Marekani kwamba kila aitazamaye amtazama yeye akinajisiwa. Watu wengi sana waliitazama filamu ile. Michubuko ilikuwa mbele ya macho yao, nao waliisoma kwa kuufuata ule mdomo uliokuwa ukitabasamu.