Uso, Moyo na Maungamo katika Tamthilia ya Macbeth

Tamthilia ya Macbeth husomwa mara nyingi kama hadithi ya watu waliodanganywa na sura ya nje. Usomaji huo ni wa kweli, lakini hautoshi. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba Shakespeare, aliyeiandika yapata mwaka 1606, anatuwekea swali zito zaidi: mtu aliyezoea kuuficha moyo wake nyuma ya uso mwema, ataungama kwa nani?

Tuanze na Tendo la Kwanza, onyesho la nne. Mfalme Duncan wa Uskoti anapokea habari za kuuawa kwa mkuu wa Cawdor, msaliti ambaye yeye mwenyewe alimwamini kabisa. Malcolm, mwana wa mfalme, anaeleza kuwa mtu huyo alikiri makosa yake waziwazi, akaomba msamaha, akatubu. Duncan anakubali kwamba hakuna elimu ya kuusoma moyo wa mtu usoni pake. Mara Macbeth anaingia, naye mfalme anampokea kwa shukrani nyingi! Kinaya hiki chajulikana. Linalosahauliwa ni kwamba yule msaliti alikufa uso na moyo wake vikiwa vimepatana. Macbeth alirithi cheo chake. Toba yake hakuirithi.

Baada ya kumwua Duncan, Macbeth anashangaa kwamba aliwasikia watu wakiomba rehema ya Mungu, naye akashindwa kuitikia Amina. Hapa hakudanganyika hata kidogo: alijua alilolitenda, na alijua kuwa anahitaji baraka. Mkewe alidhani maji kidogo yangetosha kuwasafisha. Lakini katika Tendo la Tano ni yeye atembeaye usingizini, akisugua doa ambalo wengine hawalioni. Mchana uso wake ulimtii. Usiku mwili wake unasema kweli. Tabibu anayemsikia anatamka kuwa mgonjwa huyu anamhitaji mtumishi wa Mungu kuliko tabibu. Kisha anaondoka, asithubutu kuyasema anayoyawaza. Hatuoni mchungaji yeyote akiitwa.

Yawezekana msomaji akasema kwamba maneno hayo ya usingizini nayo ni maungamo. Sisi hatukubali. Katekisimo Ndogo ya Luther yatufundisha kwamba maungamo yana sehemu mbili: kukiri dhambi, na kupokea ondoleo la dhambi. Malkia alitamka dhambi yake bila kujua kuwa anasikiwa, wala hakuna aliyemtangazia neno la msamaha. Kuijua kweli peke yake si toba. Hata Macbeth aliijua, akazidi kuua.

Sisi wahubiri twapenda kuukemea unafiki kwa Mathayo 23, na ni halali yetu. Hata hivyo, karipio peke yake laweza kumfanya mwenye uso wa bandia aukaze zaidi. Basi tujiulize: je, katika sharika zetu mwenye dhambi aliye macho anamjua mtu atakayemsikiliza na kuitunza siri yake? Na sisi tuvaao joho kila Jumapili, ambao sura yetu ya nje huaminiwa kuliko ya wengine, tunamwendea nani? Mkuu wa Cawdor alingoja mpaka siku ya kufa kwake. Wachungaji hatuna sababu ya kungoja hivyo.