Anza na Mkono, Uso Utangoja

Fundi wa mabango wa Bukoba au Nshamba akitaka kujichora akiwa kazini, kioo cha saluni kitamdanganya kabla hajachovya brashi. Brashi aliyoishika mkono wa kulia itaonekana iko mkono wa kushoto.

Hapo ndipo jicho la mjuzi huanzia. Uso kufanana na mwenyewe ni jambo la kawaida, wengi hulimudu. Mkono ndio unaosema kweli.

Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, naye alinaswa hapo. Katika picha yake ya uzeeni iliyoko katika jumba la Kenwood, London, eksirei imeonyesha kwamba kwanza aliiweka brashi upande uleule wa kioo, kisha akaihamisha. Mkono wa kibao cha rangi akauacha karibu bila vidole.

Artemisia Gentileschi, Mwitaliano aliyefika London mwishoni mwa miaka ya 1630, alijitafutia shida kubwa zaidi. Alijichora kwa ubavu, ameinama, mkono wa kulia uko juu, macho yako kwenye kazi, si kwa anayemtazama. Kwa mkao huo kioo kimoja hakitoshi. Mkono wa gauni umekunjwa, nywele zimetimka, na shingoni unaning'inia mkufu wa dhahabu wenye kinyago kidogo. Ni alama ya Uchoraji, kama Cesare Ripa alivyoieleza katika kitabu chake cha alama. Ripa alitaka pia mdomo ufungwe kitambaa, kwa kuwa picha haisemi, Artemisia hakuufunga. Ile kahawia iliyo nyuma yake ni mpako wa kwanza tu, umeachwa wazi. Mgeni wa kazi hii angeujaza mapazia.

Judith Leyster wa Haarlem, Uholanzi, alijichora mnamo 1630 akiwa na kola pana ya lesi na brashi kama 18 mkononi. Nani huchezea rangi ya mafuta amevaa hivyo? Ni sawa na kupalilia migomba kwa gauni la harusi. Picha hiyo, sasa iko Washington, ilikuwa pia ya kujinadi, na mwaka 1633 jina lake lilikuwa katika chama cha wachoraji wa mji wake. Hata hivyo asipunjwe: kiwiko kimeegemea kiti, midomo imeachana, kana kwamba mteja amebisha hodi sasa hivi.

Fundi wetu wa mabango, basi, akaazime kioo cha pili.