Kisu kabla ya shingo

Kukata uvimbe wa nyuma ya ulimi bila kuipima shingo ni kosa, na sijali aliyekata ana vyeti vingapi ukutani.

Tuseme binti wa mjini Omurushaka, ndizi zinamkwama kooni, sauti imekuwa nzito. Daktari anaukandamiza ulimi, anaona kivimbe chekundu katikati, kwenye shina kabisa, mishipa ya damu imetambaa juu yake. Anaandika: kitolewe. Hapo ndipo kazi yote inapoharibika. Ultrasaundi haijapita shingoni, shughuli ya dakika chache na jeli kidogo. Damu ya kupima TSH, homoni inayoiamuru thairoidi, haijachukuliwa. Na tezi ya thairoidi ya kila mmoja wetu huanzia palepale, kwenye shina la ulimi, mimba ikiwa changa, ndipo ishuke shingoni. Isiposhuka, hubaki ulimini, na kwa wagonjwa kama 70 katika kila 100 hicho kivimbe ndicho thairoidi pekee waliyo nayo. Ukikitoa chote, umemfunga binti kwa vidonge vya levothairoksini maisha yake yote, na hakuna aliyemwambia kabla hajasaini fomu. Hata kumega kipande cha maabara si mchezo: kinavuja damu, na damu hiyo iko mlangoni mwa pumzi.

Nimepiga kelele hizi hizi kuhusu rovu, uvimbe wa thairoidi shingoni. Tunapenda thieta kuliko maabara. Nitaambiwa skani ya nyuklia iko mbali, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Nani ameanza na skani? Ultrasaundi ikikuta shingo tupu, umeshajua cha kuogopa. Skani itakuja kuthibitisha.

Mpasuaji Kocher wa Bern hakuwa na ultrasaundi wala TSH. Mwaka 1883 aliwaita wagonjwa aliowatoa tezi nzima, akawakuta nyuso zimevimba, akili zimezubaa, watoto wamedumaa. Akasimama mbele ya wapasuaji wenzake akayasema, na akaacha kutoa tezi nzima kwa rovu la kawaida. Nobel ya 1909 ilimstahili. Wa siku hizi wana mashine na hawaulizi.

Upasuaji wenyewe, pale damu, pumzi au shaka ya saratani inapoulazimisha, hufanywa vizuri: njia ya hewa hulindwa kwanza, mpasuaji hupitia mdomoni, diathemi hukausha damu.

Ila pumzi isipobanwa, levothairoksini ndiyo ya kwanza. Hushusha TSH, kivimbe husinyaa taratibu, na binti huenda asiione thieta kabisa. Ndiyo hatua inayorukwa na wenye mikono inayowasha.