Ufundi wa Kurudi Palepale

Mpiga picha wa harusi husifiwa kwa jicho lake, wa michezo kwa wepesi wa kidole. Anayepiga picha za miji inavyopanda, migodi inavyopanuka na milima inavyobadilika sura hutegemea zaidi subira. Kazi yake ni kusimama pale aliposimama mwenzake miaka sabini iliyopita, kuelekeza kamera kulekule, na kukubali kwamba picha ya kuvutia kuliko zote siku hiyo, ile ya jua linalozama upande wa pili, siyo iliyomleta. Naisifu kazi hii kwa sababu ni miongoni mwa fani chache zinazotudai ushahidi kabla hatujatoa hukumu juu ya maendeleo, iwe ya kuyashangilia au ya kuyalaani.

Ushahidi wenyewe una nguvu gani? Nenda Machakos, Ukambani. Mwaka 1937 R. O. Barnes alipiga picha za miteremko ya wilaya ile. Udongo umekwanguka, makorongo yamechimba mbavu za vilima, miti ni ya kuhesabu. Ilikuwa miaka ambayo serikali ya kikoloni ilishikilia kwamba Wakamba wamejaza mifugo kupita uwezo wa ardhi. Mwaka 1938 ng'ombe walianza kuswagwa na kuuzwa kwa nguvu, na Muindi Mbingu akawaongoza watu wake hadi Nairobi kudai mali yao. Aliyeziona picha zile peke yake angeapa kwamba ardhi ya Ukambani imekwisha, na kwamba wenyeji wakizidi kuzaana ndio watakaoizika.

Wenyeji wakazidi, tena zaidi ya mara tano. Miongo mitano baadaye watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walikuwa wakifuatilia historia ya wilaya hiyo, na picha za Barnes zikapigwa upya kutoka sehemu zilezile. Ziweke mbili sambamba. Mstari wa vilima kule juu haujabadilika hata kidogo, ndio unaokuhakikishia kwamba hujadanganywa. Lakini chini yake mteremko uliokuwa mtupu umekatwa matuta, tuta juu ya tuta, mengi yakiwa ya fanya juu: mtaro umechimbwa kwa jembe na udongo wake kurushwa upande wa mlimani. Penye makorongo pana mashamba, na miti imeongezeka. Kitabu chao cha mwaka 1994 kilitangaza tangu jaladani kwamba watu wameongezeka na mmomonyoko umepungua. Wapo waliowapinga, wakasema si kila kaya ilinufaika na si kila kona ya wilaya ilipona. Ubishi huo ni wa haki, wala jozi ya picha haiwezi kuumaliza. Ilichofanya ni kuuhamisha: hakuna tena anayeweza kusema kwa mkato kwamba watu wengi ni ardhi mbovu.

Hapo ndipo palipo na utukufu wa kazi hii. Picha moja ni madai. Ya pili, ikipigwa kwa uaminifu, inamlazimisha hata aliyeipiga asikilize asichotarajia. Na haiegemei upande wowote: Machakos ilileta habari njema, kwingine huleta mbaya. Ramani ya Kilimanjaro ambayo wanasayansi huitumia kupima barafu ilitokana na picha alizopiga Fritz Klute na mwenzake Eduard Oehler mlimani mwaka 1912. Wakati huo barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya 2. Kama wale wawili wangepanda kutafuta mandhari ya kupendeza tu, leo tungekuwa na kumbukumbu za wazee na mabishano. Tuna kipimo kwa sababu walipiga kila upande, hata ule usio na mvuto.

Ufundi wenyewe una kanuni zake, na Wamarekani Mark Klett, Ellen Manchester na JoAnn Verburg ndio waliozinyoosha vizuri walipoanza mwaka 1977 kuzifuata picha za magharibi ya nchi yao zilizopigwa karne moja kabla na akina William Henry Jackson na Timothy O'Sullivan. Kanuni ya kwanza humshangaza kila mwanafunzi: lenzi haikurudishi mahali. Lenzi hupanua au kubana tu. Kinachoamua jiwe lipi litafunika mti upi ni mahali unaposimama. Basi unatafuta vitu viwili, kimoja cha karibu na kingine cha mbali, unatazama vinavyokaribiana kwenye picha ya zamani. Ukisogea kulia, cha karibu kinakimbilia kushoto. Ukipiga hatua mbele, nafasi kati yao inabadilika. Unakwenda hivyo, hatua kwa nusu hatua, mpaka vyote viwili vikae vilivyokaa. Klett na wenzake walipiga picha ya Polaroid papo hapo, wakaipima kwa rula dhidi ya ile ya zamani, kisha wakahamisha kamera tena.

Jaribu hilo Dar es Salaam na utajua jasho lake. Chukua postikadi ya enzi za Wajerumani inayoonyesha Kivukoni kutoka majini. Mnara wa Kanisa la Azania Front umejitokeza, paa jekundu linaonekana wazi, na nyuma yake ni minazi na anga. Leo nyuma ya paa lile pamesimama majengo ya ghorofa zaidi ya thelathini, na kanisa, ambalo halijasogea wala kufupishwa, limekuwa dogo. Kwa mpiga picha, mnara ule ni nanga: ndicho kitu cha zamani ambacho bado kinakubali kupimwa. Cha pili ni shida kukipata. Mti umekatwa, ufukwe umesogezwa, na pale alipokuwa amesimama mwenzako pengine sasa pana uzio wa mabati wa mkandarasi.

Halafu lipo jua. Kwa wasiokaa karibu na ikweta, jua la mchana hukaa upande mmoja wa anga mwaka mzima. Kwetu linahama. Dar es Salaam jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini tangu mapema Machi mpaka karibu katikati ya Oktoba, kisha huvuka kwenda kusini. Nyumba za Kivukoni zinazotazama maji, yaani kusini, hupata jua la mchana usoni mwao miezi ile michache linapokuwa kusini tu. Picha ya kale yenye kuta zinazong'aa mchana inakwambia yenyewe majira ya kurudi. Ukiirudia mwezi Juni utapata kuta zenye kivuli, na mtazamaji atadhani jiji limechakaa kumbe ni jua tu liko mgongoni mwa jengo. Uaminifu wa picha za mabadiliko mara nyingi ni uaminifu wa kalenda.

Zikikusanywa kwa mfululizo, picha hizi huwa saa. Forodhani, Unguja, ni mfano mzuri. Jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, zama za Sayyid Barghash. Picha inayoonyesha mnara umesimama peke yake mbele ya jumba ni ya kabla ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Inayoonyesha mnara ulioungana na uso wa jumba ni ya baada ya hapo. Isiyo na mnara kabisa, ikiwa si ya kipindi kifupi baada ya mizinga hiyo, ni ya baada ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ilipoporomoka. Wapiga picha wa Mji Mkongwe wa karne ya 19, kama A. C. Gomes, waliuza picha hizo kwa wasafiri kama kumbukumbu za safari. Leo mkarabati anazisoma kama hati ya jengo.

Kuna mahali ambapo kurudi palepale hakutoshi. Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo ulioishi kwa kampuni ya Union Minière na baadaye Gécamines, una majengo ya viwanda ambayo kuta zake zingalipo ila kazi imeondoka. Sammy Baloji, mzaliwa wa mji huo, aliyapiga picha akaona zimekosa watu waliolipia yote. Katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006, alikata sura za wafanyakazi na mabwana zao kutoka picha za kikoloni, akazibandika mbele ya mitambo iliyokufa. Ufuataji mkali wa sheria za kurudia picha ungemkataza. Mimi namwona kama aliyezitimiza kwa njia nyingine: badala ya kurudisha kamera mahali pa zamani, aliwarudisha wenye mahali.

Nao wenye mahali wana haki ya kuuliza. Weka kamera ya miguu mitatu kwenye mtaa wa mabondeni, na kabla hujafungua lenzi utasikia: "Mmekuja kupima?" Penye nyumba zenye alama nyekundu ya X ukutani, mtu anayesimama muda mrefu akitazama nyumba yako huwa na faili mkononi, na nyuma ya faili huja tingatinga. Mpiga picha muungwana hueleza shughuli yake kwanza, huonyesha picha ya zamani, na mara nyingi hupata fundi bora kuliko vipimo vyote: mama anayesema mwembe ule haukuwa hapo, ulikuwa upande wa kisima, na kisima kimefukiwa chini ya duka lile.

Tunasema ya kale dhahabu, na mara nyingine tunasema maendeleo hayana mwisho. Kauli zote mbili husemwa na watu ambao hawajaweka picha mbili mezani. Simu zetu sasa zinapiga picha nyingi kuliko alizowahi kupiga Barnes maisha yake yote, lakini nyingi zinatazama nyuso zetu. Tenga moja kwa ajili ya stendi, korongo, kiwanda au mteremko wa kwenu, hata kama hauna uzuri wowote. Shika kitu cha karibu na cha mbali ndani ya fremu moja. Andika mahali, mwelekeo, tarehe na saa. Atakayekuja kubishana juu ya mtaa wako miaka hamsini ijayo atahitaji kujua hasa ulisimama wapi.